Selo na Mafuta ya Nyonyo

Nina kinyaa. Nimezaliwa nacho, nitazikwa nacho, wala sitafuti dawa. Kikombe alichonywea mwenzangu sikigusi. Mchuzi ukionekana unywele nalala na njaa. Mtu akijipangusa kamasi kwa kiganja halafu akaninyooshea kiganja kile kile, nitamwamkia kwa mdomo na mikono yangu nitaificha kwenye kanga, anune atakavyonuna. Sasa mtu wa namna hii Mungu akampa kazi gani? Kupiga selo. Watu hudhani ni kazi safi, ya watu wenye viatu vyeusi na kumbi zenye mazulia. Mimi nasema hivi: katika kazi nilizoziona Kilosa, ukiacha ile ya kutapisha vyoo, hakuna iliyonitia kinyaa kama hii, na ndiyo niliyoifanya ujana wangu wote.

Selo, kwa asiyeijua, ni zeze kubwa la Kizungu. Unakaa kwenye kiti, unaiweka katikati ya magoti, shingo yake inapita karibu na sikio lako, na unaivuta kwa upinde uliofungwa singa za mkia wa farasi. Ina nyuzi nne. Singa zenyewe hazina sauti mpaka uzisugue ulimbo mkavu, ule utomvu wa mti ulioganda, ndipo zinapopata ukavu wa kuung'ata uzi. Zikikosa ukavu, upinde unateleza tu na selo inakuwa bubu.

Nilikutana nayo nyumbani kwa meneja wa shamba la mkonge, nje kidogo ya mji wa Kilosa, miaka ile Uhuru ukiwa bado mbichi. Baba alikuwa manamba, kibarua wa mkataba, aliyekuja kutoka mbali akafia pale pale kambini kabla sijaijua sura yake. Mama alikuwa mfuaji nguo wa nyumba kubwa. Karo la kufulia lilikuwa chini ya dirisha la sebule, na mimi nilikuwa nikimsubiri barazani nikiziba pua, maana maji ya mkonge yaliyokamuliwa kiwandani yalikuwa yakipita mferejini karibu na uzio, na harufu yake hata leo nikiikumbuka mate yananijaa mdomoni.

Mke wa meneja alikuwa akipiga piano peke yake. Mumewe alikuwa mtu wa klabu na chupa. Selo ilikuwa ya marehemu baba wa yule mke, imesimama pembeni ya sebule bila mpigaji, na siku moja akaniita ndani, akanitazama mikono, akasema kwa Kiswahili chake cha jikoni kwamba nina mikono mirefu. Nilianza hivyo. Alitaka mtu wa kumsindikiza kwenye piano, na hapo karibu hapakuwa na mwingine.

Lakini kabla sijagusa chochote alinusa mikono yangu. Kila siku. Mama alikuwa akinipaka mafuta asubuhi, kama mtoto yeyote anayelelewa, na yule mama wa piano alikuwa akinipeleka bafuni kunisugua kwa sabuni ya sakafu huku akinigombeza kwamba mafuta na singa za upinde havikai pamoja, mafuta yakigusa singa basi, upinde umekufa. Alikuwa akilisema kwa sauti ya kuamsha nyumba nzima. Mimi mchafu, eti. Yeye mwenyewe alikuwa akilamba kidole kila alipofungua ukurasa. Mbwa wake alikuwa akilamba sahani mezani, na karo lile lile alilofulia mama shuka zao ndilo aliloogeshewa mbwa. Nilikuwa nikinywa chai yake kwa kujilazimisha, huku nimefumba macho.

Hata hivyo alinifundisha, siwezi kumnyima haki yake. Alinifundisha miaka kadhaa, vizuri na kwa ukali, na nilipoanza kutoa sauti ya kweli, ile sauti nzito inayoingia mpaka kwenye mifupa ya kifua, nilisahau harufu ya mbwa na ya mkonge. Nilijua palepale kwamba hiki ndicho ninachokitaka duniani. Wanawake wa kambini walinicheka, msichana mzima amepanua magoti amekumbatia gogo. Mama alinishonea gauni pana nijifunike, akaendelea kufua.

Hapa niseme habari za kaka yangu, maana bila yeye hadithi haieleweki. Mama alizaa watoto kadhaa, surua ikawabeba, tukabaki kaka na mimi. Kaka alikuwa na akili za shule. Mara baada ya Uhuru alichaguliwa kwenda kusoma ng'ambo, na kambi nzima ilimsindikiza stesheni ya Kilosa kwa ngoma. Mama alimwogesha mwenyewe siku hiyo, mwanamume mwenye ndevu, akampaka mafuta mpaka akang'aa. Hakurudi tena. Ilikuja picha moja, amevaa koti kubwa, nyuma yake weupe mtupu, na kando yake mwanamke asiyecheka. Mama aliitundika ukutani. Alikuwa akiifuta vumbi kwa ncha ya kanga wala hakumtaja kaka kwa mtu yeyote.

Likaja Azimio, shamba likachukuliwa na serikali, meneja na mkewe wakafunga mizigo. Kwenye gari palikuwa na nafasi ya mbwa au ya selo. Wakamchukua mbwa. Ndivyo nilivyoipata selo yangu, na kama hilo si la kutia kinyaa basi sijui nini ni la kutia kinyaa, mtu kuacha chombo cha marehemu baba yake kwa ajili ya jibwa lenye utando machoni.

Baadaye tulihamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Chanzuru. Niliingia kijijini na kasha la selo kichwani na watu wakauliza kwa adabu kabisa ni maiti ya nani. Shamba la kijiji nililima kama wote, zamu yangu sikukwepa. Jioni nilikuwa nikipiga nyuma ya nyumba, kuku wakinitazama. Kisha nyuzi mbili nyembamba zikakatika, moja baada ya nyingine. Utanunua wapi uzi wa selo, wakati huo hata sabuni tulikuwa tukiipanga foleni? Nilijua kwamba nyuzi za zamani zilikuwa zikitengenezwa kwa utumbo wa kondoo, yule mama aliniambia. Kondoo hatukuwa nao. Mbuzi walikuwepo.

Lo, utumbo wa mbuzi! Mimi huyu, nisiyekula mchuzi wenye unywele, nilikwenda kwa mchinjaji na ndoo, nikarudi na utumbo wa moto bado unacheza. Unauminya kwanza utoe kilichomo, na kilichomo unakijua. Unauloweka kwenye maji ya majivu, unauparua kwa mgongo wa kisu utoe nyama na mafuta mpaka ubaki utando kama wa kitunguu, na siku zote hizo nzi ni wageni wako wa kudumu. Nilifunga kanga puani, nikatapika, nikarudi, nikatapika tena. Nilizisokota nyuzi mbichi kati ya nguzo mbili, nikazikausha kivulini, mwisho nikazipaka mafuta kidogo sana zisipasuke. Nyingi zilikatika. Mbili zikakubali. Mama alikuwa akinitazama toka mlangoni, na nilipozifunga nikavuta upinde na sauti ikatoka, alishika kichwa. Nilidhani ni kwa furaha.

Habari zikamfikia Afisa Utamaduni wa wilaya. Alikuja na baiskeli, akasikiliza, akaniambia jambo ambalo moyo wangu ulilishika wakati ule ule na haukuliachia. Ugeni kutoka nchi rafiki ulikuwa unakuja kutazama wanyama Mikumi, na ndani yake alikuwemo mwalimu wa chuo cha muziki. Nikimpigia hotelini pale mbugani na akanikubali, nafasi ya masomo ipo. Nitakwenda ng'ambo, nifundishwe na watu wanaojua, nirudi mpiga selo kamili. Hakuna kingine nilichokitaka. Nilimwambia mama nikiwa nacheka na kulia kwa pamoja, na yeye akauliza tu ni nchi ya baridi au ya joto.

Sasa kwetu kuna desturi moja. Hakuna kitu kinachokwenda mbele ya wageni kimepauka. Miguu ya mtoto inapakwa mafuta, uso unapakwa, kiti cha mgeni kinapakwa, hata mchi nimewahi kuona ukipakwa kwa sababu wakwe walikuwa wanakuja. Kupauka ni aibu ya mama, si yako. Asubuhi ya safari mama alinikalisha kwenye kigoda akanipaka mafuta ya nyonyo kuanzia vidole vya miguu, nami nikamwachia, nikijua nitanawa mikono nikifika. Nilipokwenda kuaga majirani, yeye ndiye aliyenifungia mzigo. Upinde aliuviringisha kwenye kanga yake mpya kabisa.

Nilipanda lori lililokuwa likienda Kidodi kubeba miwa. Lilikuwa tupu lakini limeganda sukari ya juzi, nyuki na nzi wanagombea, gauni limenata matakoni, na jirani yangu alikuwa mzee mwenye kikohozi cha kutema. Nilimwamkia shikamoo nikageuza uso. Siku hiyo sikujali. Ningepanda hata gari la mizoga.

Nilifika wageni wako mezani tayari. Afisa Utamaduni alinisukuma mbele kabla sijapumua. Nilinawa mikono, nikakaza nyuzi kwa kuzidonoa na kidole, nikakaa vizuri. Nilikuwa nimeandaa kipande cha polepole, kile alichokipenda zaidi yule mama. Nikatoa upinde kwenye kanga, nikauweka juu ya uzi, nikavuta.

Kimya. Nikavuta tena. Upinde ulipita juu ya uzi kama kijiko juu ya samli. Nikauleta puani, nikasikia harufu ya nyonyo. Ulikuwa umepakwa, umechanwa kwa kitana, unang'aa kama kichwa cha mtoto siku ya Idi. Nikausugua ulimbo, ulimbo ukageuka uji. Watu wakaanza kukohoa kidogo kidogo, na kijana mmoja wa hoteli akacheka waziwazi. Afisa Utamaduni akaninong'oneza nipige chochote, nisimwaibishe.

Nikauweka upinde chini. Nikadonoa nyuzi kwa vidole, mdundo tu wa kambini, ule wa wanaume wa mkonge siku ya mapumziko, ambao mtoto yeyote aliujua. Jamani, wale wageni walivyofurahi! Walipiga makofi nje ya mdundo, midomo yao imejaa nyama. Nilimwendea yule mwalimu, nikamwomba kupitia kwa mkalimani anipe siku moja tu niusafishe upinde, anisikie ninavyopiga kweli. Alikuwa akitoa nyama kwenye meno kwa ukucha. Akanitazama kwa upendo, akasema, “Huyu asifundishwe. Mkimfundisha mtamharibu.”

Ndiyo ikaisha hivyo. Nilirudi nyumbani nikamfokea mama, Mungu anisamehe, nilimfokea kama simjui. Yeye alisimama na kanga yake mkononi akasema, “Ulikuwa umepauka, mwanangu. Nikaona aibu.” Majirani walikuja juu, wakaniambia mama wa watu amefanya kwa mapenzi, hakusoma, angejuaje, na mbona mwenyewe nilizipaka nyuzi mafuta? Kweli, angejuaje.

Meneja wa hoteli alinitaka nikaanze kazi mwezi ule ule. Kuanzia hapo ndipo wanapohesabu maisha yangu ya msanii. Miaka na miaka nilikaa Mikumi nikidonoa selo wakati watu wanakula. Walinivika kaniki, shanga na sketi ya ukindu, wakaliita vazi la asili, asili ya nani sijui, maana mama yangu aliponiona nalo aliomba nijifunike. Wageni walikuwa wakitafuna wakinitazama, mchuzi unawatiririka kidevuni, wakitupa mifupa nje nyani wagombee. Wengine walikuja kuishika selo kwa vidole vya mafuta. Waliuliza kama nyuzi ni za utumbo wa tembo. Mwanzo nilikuwa nikiwaeleza habari za mbuzi. Mwishowe nikawa nasema ndiyo, wa tembo, na nilimuua mwenyewe. Walifurahi sana.

Singa zile za farasi hazikupona, hata kwa sabuni. Barabara kuu inakatiza mbugani na malori hayana breki za huruma, basi askari mmoja wa wanyama aliniletea mkia wa nyumbu aliyegongwa. Ulikuwa umeanza kuoza shinani. Niliufua, nikazichambua singa moja moja nikiwa nimeziba pua, nikazifunga kwenye upinde. Zilikuwa ngumu, zina mkwaruzo, lakini ziling'ata. Adhuhuri, wageni wakiwa wamelala, nilikuwa nikijifungia chumbani kwangu nikipiga kile kipande cha polepole. Hakuna aliyewahi kuniomba nikipige mezani.

Niliacha kazi kwa sababu ya mfupa. Mgeni mmoja, mtu mzima mwenye saa nzuri, alimaliza paja la kuku akiwa amesimama kando yangu, akatafuta pa kuutupa mfupa, akautumbukiza kwenye lile tundu refu la kifuani pa selo. Akaondoka. Nikadonoa uzi na mfupa ukacheza ndani. Niliinuka, nikavua shanga pale pale mbele ya watu, nikaenda kufunga kasha. Njia nzima kurudi Kilosa nilikuwa nausikia ule mfupa ukigonga, na sikujua kama ninalia au ninataka kutapika.

Mama alikuwa amezeeka. Miguu imevimba, hasimami bila kushikwa. Nilimhudumia, na kwa kinyaa changu hiki nilisafisha vyote vya kusafishwa, sikumpa mtu. Jioni nilikuwa nikimpigia kwa ule upinde wa nyumbu, naye akisikiliza macho yakiwa kwenye picha ya kaka.

Siku moja wanawake wa kijiji walileta habari kwamba wanakuja kumjulia hali. Nikamtoa barazani, nikakaa mkekani, nikaanza kumpaka mafuta miguu, kwa maana wageni wasimkute amepauka. Jirani yetu mmoja, mama mdogo mdogo mwenye moyo mzuri, alikuwa akimpaka mikono. Alipomaliza, mafuta yalimbakia kiganjani. Upinde ulikuwa umelala kando yangu, singa nyeupe kwa unga wa ulimbo. Akasema na huu nao umepauka, akaunyooshea mkono.

Mama akasema, “Acha. Singa hazipakwi mafuta. Zikipakwa chombo hakilii.”

Alisema kawaida kabisa, kama mtu anayezuia mtoto asiguse chungu cha moto. Jirani akarudisha mkono, akajipaka mwenyewe viwikoni, akaenda kuchota maji. Mimi nilikuwa nimemshika mama muundi wa kulia. Mikono ikasimama. Nikamwuliza amelijua hilo tangu lini.

Hakujifanya hakusikia. Alisema alifua chini ya dirisha lile miaka yote, na yule mama alikuwa akilipiga kelele kila siku.

Nikamwuliza, basi kwa nini.

Alitazama ndani, kule ukutani. “Kaka yako nilimpaka mafuta yeye, nikampeleka stesheni, hakurudi,” alisema. “Wewe nikaupaka upinde.”

Nilimchukia. Siwezi kulisema kwa upole. Nilichukia ngozi yake chini ya viganja vyangu, na harufu ya nyonyo ikanipanda mpaka kooni, meza zote zile za Mikumi, midomo yote ile, mfupa ule, vyote vikanijia kwa mkupuo mmoja. Nilitaka kuinuka nikanawe.

Wanawake wakapiga hodi. Mguu wa kushoto ulikuwa bado umepauka. Nikamimina mafuta mengine kiganjani, nikaupaka.